Mpaka Ukibadilika, Sufuria Inajua



Juma hili tunataka kuongea juu ya nchi iliyo mbali, Uingereza, na juu ya chakula chao. Swali lenu tunalijua, maana wamama wa kikundi chetu wamekwisha kutuuliza: sisi ambao unga wa bukari unatusumbua hapa Lubumbashi, habari za Wazungu na nyama yao zinatuhusu nini?

Zinatuhusu, na sababu ni hii. Tangu Congo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, katika mikutano yetu tunasikia maneno ya namna mbili. Wengine wanasema ni vema, biashara itafunguka. Wengine wanasema majirani wamepata tu soko la kumwaga bidhaa zao, heri tutoke katika jumuiya zote, tufunge mipaka, tule cha kwetu. Maneno haya yote yanasemwa na wamama wenye akili, na uchungu wao ni wa kweli. Lakini kutoka si jambo la kubahatisha. Iko nchi iliyotoka kweli, macho ya dunia yakiona, tena nchi tajiri yenye bandari kubwa na ofisi nyingi. Wazee walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Basi tumwangalie huyu aliyenyolewa, tuone wembe ulipita wapi.

Sisi tunaowaandikia ni walimu. Tuna diploma ya chuo cha ualimu, tuna watoto wa kulisha, na mshahara wa mwalimu mnaujua. Asubuhi tunashika chaki. Jioni tunapima kapenta na unga kwa kikombe mbele ya nyumba. Kwa hiyo mambo ya mpaka hatuyajui kwa ramani tu. Tunayajua kwa sufuria.

Tuanze na habari yenyewe. Uingereza iliingia katika jumuiya ya nchi za Ulaya tarehe 1 Januari 1973. Kwa miaka mingi ya uanachama wake, chakula kilipita kati yake na jirani zake kama vile kinavyopita kati ya Likasi na Lubumbashi. Samaki aliyevuliwa Scotland usiku alipakiwa kwenye kamyo, akavuka bahari, akafika sokoni Ufaransa bila mtu wa forodha, wale tunaowaita watu wa duane, kufungua sanduku. Tarehe 23 Juni 2016 raia wakapiga kura. Katika kila watu 100 waliopiga kura, karibu 52 walisema tutoke, na 48 walisema tubaki. Nchi ikatoka tarehe 31 Januari 2020, na sheria mpya za mpakani zikaanza kazi tarehe 1 Januari 2021.

Tulipofundisha somo hili darasani, mtoto mmoja alinyoosha mkono akauliza: «Mwalimu, walikisogeza kisiwa chao?» Watoto wenzake walicheka, lakini swali lilikuwa zuri kuliko alivyojua. Hapana, kisiwa kilibaki palepale. Bahari haikupanuka hata hatua moja. Samaki ni walewale, kamyo ni zilezile, na walaji wa Ufaransa walikuwa na njaa ileile. Kilichobadilika ni karatasi. Tuliandika neno hilo ubaoni, kwa sababu habari yote inayofuata imekaa ndani yake.

Watu wengi wanadhani nchi ikitoka katika jumuiya, kinachorudi ni ushuru. Kwa Uingereza haikuwa hivyo. Siku chache kabla ya mwaka 2021, pande mbili zilipatana kwamba bidhaa zao hazitalipishwa ushuru, mradi ziwe zimetoka kweli katika nchi zao. Mkataba mzuri, utasema. Lakini kutolipa ushuru si sawa na kupita bila kusimamishwa. Mwenye nyama, samaki, maziwa au mayai alipaswa sasa kuwa na karatasi ya forodha, na cheti cha afya kilichotiwa sahihi na daktari wa mifugo au mkaguzi mwingine aliyeruhusiwa, kisha kupita mahali pa ukaguzi palipopangwa. Kosa la namba moja, muhuri mahali pasipo pake, na gari linasimama.

Wamama wanaofanya biashara mnajua chakula kikisimama kinakuwaje. Simenti inaweza kungoja. Nguo inaweza kungoja. Samaki mbichi hangoji.

Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa kwanza, Januari 2021. Wavuvi na wachuuzi wa Scotland, wanaouza kamba na samaki wengine katika nchi za Ulaya, waliona mizigo yao ikichelewa na kuharibika. Jambo lililowaumiza zaidi wafanyabiashara wadogo ni hili: mtu mwenye masanduku machache hajazi gari peke yake, kwa hiyo wengi walikuwa wakichanga gari moja. Sasa kila mmoja ndani ya gari lile anahitaji karatasi zake. Karatasi ya mmoja ikiwa na kosa, mzigo wa wote unalala njiani. Tarehe 18 Januari wenye samaki walipeleka kamyo zao mpaka London, karibu na bunge, ili kuonyesha hasira yao. Serikali ikaweka mfuko wa paundi milioni 23 kuwafidia waliopata hasara. Tafakari kidogo, mama: ni nani kwetu angemlipa mchuuzi samaki wake walioharibika?

Kuna mambo mengine ambayo karatasi haikuweza kuyatengeneza hata kidogo, kwa sababu yalikatazwa kabisa. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, nchi ya nje haiwezi kuingiza soseji mbichi wala nyama mbichi ya kusaga ambayo haikugandishwa kwenye barafu. Uingereza ilikuwa ya ndani, sasa ikawa ya nje, na mlango ukafungwa. Kome na chaza waliovuliwa katika maji yasiyo safi kabisa, ambao zamani walisafirishwa na kusafishwa huko Ulaya, wakakataliwa mpaka wasafishwe kwanza nyumbani. Hata viazi vya mbegu vya Scotland, ambavyo wakulima wa Ulaya walikuwa wakivinunua kupanda, vikazuiwa. Kiazi ni kilekile, shamba ni lilelile, mkulima ni yuleyule. Lakini jana alikuwa jirani wa ndani ya ua, leo ni mgeni anayebisha hodi.

Kuna kisa ambacho watoto wetu walikipenda kuliko vyote. Mwezi uleule wa Januari 2021, televisheni ya Uholanzi ilionyesha watu wa forodha bandarini wakiwanyang'anya madereva waliotoka Uingereza mikate yao iliyotiwa nyama ya nguruwe, kwa sababu nyama kutoka nje haikubaliwi kuingia, hata iliyo ndani ya mkate wa safari. Dereva mmoja aliuliza kama anaweza kuondoa nyama abaki na mkate. Wakakataa, wakachukua vyote. Darasa lilicheka sana. Halafu msichana mmoja akasema, «Lakini yule baba alibaki na njaa.» Kweli mtoto wetu. Sheria kubwa zinazoandikwa na wakubwa mezani huishia mfukoni mwa dereva, kwenye kikapu cha mama, kwenye sahani ya mtoto.

Tuje kwenye bei, kwani ndiyo inayogusa jikoni. Wachunguzi wa uchumi wa chuo kikuu cha London School of Economics walipiga hesabu, wakaona kwamba vizuizi hivi vya karatasi na ukaguzi viliongezea kila nyumba ya Uingereza, kwa wastani, paundi 210 za chakula katika miaka miwili iliyoishia mwaka 2021. Wakaongeza kwamba mzigo huu uliwaelemea maskini kupita matajiri. Hili hatuhitaji profesa kutufundisha. Nyumba ya tajiri inatumia sehemu ndogo ya fedha yake kwa chakula. Nyumba ya maskini inatumia sehemu kubwa. Bei ya unga ikipanda kidogo, tajiri hasikii. Mama wa watoto sita anasikia siku hiyohiyo.

Na ni kosa kudhani kwamba karatasi zilibana upande mmoja tu. Uingereza nayo ilipaswa kukagua chakula kinachoingia kutoka Ulaya, lakini iliahirisha mara nyingi, kwa kuogopa bei kupanda na maduka kukosa vitu. Vyeti vya afya vilianza kudaiwa Januari 2024, na ukaguzi wa mizigo yenyewe ukaanza tarehe 30 Aprili 2024, pamoja na malipo mapya yaliyoweza kufika paundi 145 kwa mzigo mmoja. Kwa duka kubwa linaloleta kamyo nzima, paundi 145 ni chumvi kwenye mchuzi. Kwa mwenye duka dogo anayeleta masanduku machache ya jibini na nyama kavu, faida yote imekwisha. Pima, mama, uone: gharama ni ileile, lakini mabega si yaleyale.

Mikono ya kazi nayo ilipungua. Mashamba ya matunda na mboga ya Uingereza yalikuwa yakivunwa hasa na watu kutoka Romania na Bulgaria, waliokuja bila kuomba viza. Baada ya kutoka, serikali ilibidi itengeneze viza za msimu kwa wavunaji. Mwaka 2019 zilianza 2,500 tu. Mwaka 2021 zilifika 30,000. Wavunaji wakaanza kutoka mbali zaidi, hata Nepal na Uzbekistan. Waliofikiri kwamba kutoka kungepunguza kuwahitaji wageni waliona kwamba tunda haliulizi mvunaji anatoka wapi. Linaoza tu asipokuja.

Lakini sisi ni walimu, na mwalimu hapaswi kuwaonyesha wanafunzi nusu ya ramani. Waliopiga kura ya kutoka hawakuwa wajinga. Walitaka sheria zao zitungwe nyumbani, walitaka maji yao ya kuvulia samaki yawe mikononi mwao, na wengi waliona kwamba wakubwa wa mbali hawasikii kilio chao. Mambo hayo tunayaelewa vizuri sana sisi Wakongomani. Tena, si kila tatizo lililofuata lilitokana na kutoka. Mwezi wa pili mwaka 2023 maduka makubwa ya Uingereza yalipungukiwa nyanya na matango, hata yakaweka kikomo cha idadi ambayo mteja anaweza kununua. Watu wengi walisema, hii ndiyo faida ya kujitoa. Lakini sababu kubwa ilikuwa baridi kule Hispania na Moroko, pamoja na bei ya moto wa kupasha nyumba za kukuzia mboga. Tukitaka kuhukumu jambo, tulihukumu kwa lililo lake.

Na wakati huo nchi nyingine zilipaswa kukimbia kutengeneza karatasi mpya. Kenya, inayouza maua, chai na maharage mabichi Uingereza, ilitia sahihi mkataba wake na Uingereza tarehe 8 Desemba 2020, wiki tatu tu kabla ya mlango wa zamani kufungwa, ili mazao yake yaendelee kuingia bila ushuru. Congo yetu, kwa kuhesabiwa kati ya nchi zenye uchumi mdogo, inaruhusiwa kuuza huko bila ushuru, kama inavyoruhusiwa kuuza Umoja wa Ulaya. Kahawa na kakao yetu haikufungiwa mlango. Ila muuzaji anayetaka masoko yote mawili anapaswa kufuata sasa masharti ya pande mbili, pale palipokuwa na masharti ya upande mmoja.

Habari yao iliendelea hivi: tarehe 19 Mei 2025 Uingereza na Umoja wa Ulaya walikaa tena mezani London, wakakubaliana kutafuta mapatano mapya ya kupunguza ukaguzi wa chakula, mimea na wanyama. Hawajarudi ndani ya jumuiya. Wanajaribu tu kufungua tena kadirisha katika ukuta walioujenga. Miaka zaidi ya minne baada ya samaki kuoza njiani, ndipo wakazungumza juu ya karatasi ya samaki.

Sasa turudi nyumbani. Lubumbashi haivuni mahindi ya kuitosha. Kila mama hapa anajua kwamba sehemu kubwa ya unga wa bukari inapita Kasumbalesa, kilomita karibu 90 kutoka mjini, ikitoka Zambia au ikipitia huko. Zambia ikizuia mahindi yake yasitoke, sisi tunapunguza vikombe. Mwaka 2024 ukame mkali uliwapiga wenzetu. Mwezi wa pili rais wao alitangaza kwamba ni janga la taifa. Hawakuwa na mahindi ya kuwatosha wenyewe, sembuse ya kutuuzia. Hatukuhitaji redio. Tuliusikia ukame ule katika sahani zetu.

Halafu Agosti 2024, baada ya Congo kukataza kuingiza bia na vinywaji vitamu kutoka nje, madereva waliandamana, na Zambia ikafunga kwa siku chache vituo vyake vya mpaka wetu: Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Siku chache tu. Lakini siku chache ni maisha yote ya nyanya. Mmoja wa kikundi chetu alikuwa ameweka fedha yake ya likelemba, zamu yake aliyoingoja miezi minane, katika nyanya zilizokuwa upande wa pili. Sisi nasi, pamoja na jirani, tulikuwa na mifuko mitatu ya kapenta kavu hukohuko. Mpaka ulipofunguliwa, kapenta yetu ilifika kama ilivyoondoka. Nyanya zake zilifika zikitoa maji. Aliziuza kwa bei ya kutupa, akapoteza zaidi ya nusu ya fedha yake, na mwezi wa tisa, shule zilipofungua, mtoto wake wa pili alikaa nyumbani wiki tatu. Tunajua, kwa sababu nafasi yake ilikuwa wazi katika darasa letu wenyewe.

Kisa hiki kinatufundisha jambo ambalo wanaopenda jumuiya hawapendi kulisikia. Congo na Zambia ni wanachama wote wawili wa COMESA, na wote wawili wa SADC. Uanachama haukuzuia mlango kufungwa. Kwa hiyo tusidanganyane: jumuiya si dawa ya kila ugonjwa. Nchi inaweza kuwa ndani na bado raia wake wakateseka mpakani. Jumuiya inatoa kitu kimoja ambacho aliye nje hana, yaani meza ya kukutania na sheria inayoweza kutajwa. Mpaka ule ulifunguliwa tena haraka, kwa kuwa wakubwa wa pande mbili walikutana wakazungumza. Uingereza iliacha meza yake, na ilibidi iitengeneze upya mguu kwa mguu.

Na ukitazama nchi za Afrika zilizowahi kutoka, utaona kitu. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini haikubaki uwanjani peke yake: ilikuwa SADC, na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilikuwa ikianza upya. Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka rasmi katika CEDEAO tarehe 29 Januari 2025, lakini zimebaki katika UEMOA, ile jumuiya ya franka moja, pamoja na jirani kama Benin, Togo na Côte d'Ivoire. Hakuna aliyebomoa nyumba kabla ya kuwa na pa kulala. Wanaotuambia Congo itoke kila mahali tuwaulize kwa heshima: baada ya kutoka, tutalala wapi? Mahindi yatapita kwa karatasi gani? Na karatasi hiyo itamgharimu nani?

Mawazo yetu ndiyo haya. Hatusemi jumuiya ni nzuri au mbaya. Tunasema kwamba mlango wowote unapobadilishwa, wa kwanza kubanwa vidole ni mwenye mzigo mdogo na mzigo unaooza. Na kwetu, mwenye mzigo mdogo unaooza ni mwanamke. Yeye ndiye anayevuka na beseni la nyanya, ndoo ya mayai, kifurushi cha mboga. Wakubwa wakijadili kuingia na kutoka, huyu hayupo katika chumba kile. Basi lazima ajijenge mwenyewe, pamoja na wenzake, kabla mlango haujageuka.

Katika kikundi chetu tumeanza mambo machache, nasi tunawaambia si kama sheria bali kama jirani anavyomwambia jirani.

Kwanza ni kusoma. Jioni za Alhamisi, wamama wasiojua kusoma wanajifunza kwa kutumia karatasi za mpakani zenyewe: stakabadhi, cheti cha afya ya mimea, karatasi ya kupimia mzigo. Mama anayeweza kusoma namba iliyo kwenye stakabadhi haambiwi kirahisi kwamba anadaiwa mara mbili. Tunamfundisha pia kuomba stakabadhi kila anapolipa, na kuitunza. Stakabadhi ni mdomo wake siku ambayo yeye mwenyewe ataogopa kusema.

Pili, COMESA ina utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo: orodha ya bidhaa zilizopatanwa kati ya nchi jirani, na karatasi fupi badala ya zile ndefu. Kabla ya kununua, uliza kama bidhaa yako imo katika orodha ya mpaka unaoutumia, na kikomo cha thamani ya mzigo ni kipi. Usiulize mtu wa njiani anayejitolea kukusaidia. Uliza ofisini, tena mwende wawili.

Tatu, tukichanga gari, tunakagua karatasi za wote kabla ya kupakia hata mfuko mmoja. Wavuvi wa Scotland walijifunza hili kwa hasara. Sisi tujifunze bure. Tena tumekubaliana kwamba asiwepo anayeweka likelemba yote katika kitu kinachooza. Nusu iwe kitu kinachoweza kungoja: kapenta, maharage, karanga, mahindi makavu.

Nne, tunakausha. Nyanya zilizokatwa na kuanikwa juani, mboga za majani zilizochemshwa kidogo kisha zikakaushwa kivulini, muhogo uliosagwa. Kazi hii bibi zetu waliijua kabla ya friji. Chakula kikavu kinaweza kumsubiri waziri amalize hasira yake.

Na la tano ni jembe. Wenye nafasi ya shamba, hata robo ya hekta kandokando ya mji, wapande mahindi na muhogo. Hatutaweza kuilisha Lubumbashi yote kwa mashamba yetu, na anayesema hivyo anatudanganya. Lakini nyumba yenye magunia mawili ya mahindi ndani haitetemeki kama nyumba inayonunua unga kwa kikombe.

Yule mwenzetu wa nyanya bado ni mfanyabiashara. Zamu yake ya likelemba imezunguka tena mwezi uliopita. Safari hii alinunua maharage na nyanya kidogo, akapeleka karatasi zake kwanza kwa wenzake wawili wazisome. Mtoto wake yuko darasani.

Mkutano ujao tutaleta mfano wa stakabadhi na wa karatasi fupi ya mpakani, mzishike kwa mikono na kuzisoma pamoja. Kila mama aje na kalamu. Na yeyote aliyevuka mwezi huu aje atueleze alichoombwa, alicholipa na alichopewa mkononi, ili tuandike katika daftari la kikundi. Daftari hilo tutampelekea yeyote atakayekuja kutuambia habari za kuingia au kutoka.